Dawa Ambayo Rafiki Yangu Hakuwa Nayo

Juma lililopita nilipita Katuba, mtaa nilikokulia, bwana, na si kwa mguu: kwa gari langu jipya, lile ambalo hata majirani zangu wa Golf, mtaa wa matajiri, husimama kuliangalia. Nilitafuta kiwanja cha kujenga depo nyingine ya mizigo. Kwenye njia yetu ya zamani mwanamke mmoja alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani, na mlio wa kile kinu ukanifanya nisimamishe gari. Sikununua kitu siku ile. Niligeuza gari nikarudi nyumbani.

Shule niliiacha darasa la nne, na leo waliosoma mpaka mwisho wananiita patroni. Malori yangu yanapita mpaka wa Kasumbalesa hata foleni ikilala barabarani, kwa sababu najua kusema na watu. Mdomo nilizaliwa nao. Hata utotoni sikuweza kuona jambo bila kulitangaza.

Wakati ule Katanga imejitenga kuwa nchi yake, na mji wetu bado unaitwa Elisabethville. Kwetu watoto mambo makubwa yalikuwa bendera mpya shuleni, malori ya jandarme, wale askari wa Katanga, na moshi wa kiwanda ulioacha ladha ya sarafu mdomoni. Nkambo wangu, mama wa baba, alipika munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, na harufu yake ilijaa njia nzima. Watu walikuja kwake kunywa, na walikuja pia kuchanjwa. Mtu akiumwa goti, au kijana akiogopa risasi, nkambo alimpiga chale ndogo kwenye viungo, mbili mbili, akapaka dawa nyeusi. Siku zile walioogopa risasi walikuwa wengi.

Rafiki yangu alikaa nyumba ya pili. Baba yake alikuwa karani, mtu wa Kasai. Yeye alinifanyia hesabu, mimi nilimpigania kwa ngumi, tukawa sawa. Kisha watu wakaanza kusema Wakasai ni wageni, watoke Katanga. Asubuhi moja baba yake alikwenda kazini, hakurudi. Mama yake akaacha kuimba akifua. Na rafiki yangu akaanza kuvaa shati la mikono mirefu katika joto la mwezi wa kumi, hataki tena kuoga nasi mtoni.

Nikaona siku alipokunja shati kwenye bomba. Chale, mpya juu ya za zamani. Unajua nilifikiri nini? Dawa! Nilifikiri Wakasai wamepata dawa yao ya risasi, kali kupita ya nkambo. Nikamwonea wivu. Sikumuuliza hata neno. Nikakimbia kuwatangazia watoto wote: rafiki yangu risasi haimuingii, nimeona kwa macho yangu.

Wakamkuta kando ya ukuta.

“Weye Mukasai, tuonyeshe ile dawa.”

“Dawa gani? Siko na dawa.”

“Anaficha, angalia! Leta mukono!”

Wakamshika, wakapandisha shati. Mmoja akacheka. “Aa, hii hapana dawa. Hii njo kichaa!” Na wote wakaimba neno lile, kichaa, kichaa, mpaka wakachoka wakaenda. Mimi niliyewaleta nilisimama pale kama nguzo.

Tulipobaki wawili nikauliza, “Nani alikukata vile?”

“Ni miye mwenyewe.”

“Juu ya nini?”

Aliangalia chini. “Tangu baba alienda, iko kintu mu kifua, haitoke. Usiambie mama. Atakufa.”

Nikaapa. Kisha nikaenda moja kwa moja kumwambia nkambo, na katika habari hii yote hicho ndicho kitu nilichofanya vizuri.

Nkambo aliacha munkoyo uchemke mpaka ukamwagika. Akamwita rafiki yangu: “Mutoto ya jirani, mikono yangu imechoka. Kuya unisaidie sombe.” Akamwosha mkono kwa maji ya vuguvugu, hakumuuliza kitu, akampa mchi. Nyembe zake zote alizitoa nyumbani. Waliokuja kuchanjwa aliwarudisha, nao walinung'unika, na wengine hawakurudi tena hata kwa munkoyo. Akaenda kukaa na mama wa rafiki yangu, wakazungumza mlango umefungwa, na mama hakufa. Kisha akagawa siku: “Huyu hapana kumuacha pekee. Asubuhi mama yake, muchana miye, mangaribi weye.”

Na mangaribi nilikwenda, bwana. Tulikaa kwenye ngazi yao, tukala karanga, nikamsimulia uongo wangu wote. Mara nyingine alisema, “Leo iko nzito,” nami nikabaki mpaka aseme imepungua. Alianza kucheka. Mkono ulianza kupona.

Lakini wenzangu wakanipa jina: boyi ya Bakasai, yaani mtumishi wao. Mimi napenda sifa, siwezi kukuficha. Nikaanza kuchelewa. Jioni moja sikwenda kabisa, nilikwenda nao kuangalia malori ya jandarme. Niliporudi nilimkuta nkambo kwenye ile ngazi, mahali pangu. Rafiki yangu alikuwa ndani, mkono umefungwa kitambaa kipya.

Nkambo hakunigombeza. “Alikuuliza,” akasema. “Nilimuambia uko mu njia.”

Muda si mrefu wakahama, godoro kichwani, kwenda kambi ya mahema ambako Wakasai walilindwa na askari wageni wa kofia za bluu. Niliwasindikiza nikibeba sufuria. Njiani akaniuliza, “Kule, mangaribi nitakaa na nani?”

“Nitakuya,” nikamwambia. “Kila siku.”

Baadaye treni iliwapeleka Kasai. Nimewauliza madereva wangu wanaokwenda kule, hakuna anayemjua. Sijui kama alipona.

Katuba ya leo imejaa kuta zenye vipande vya chupa juu. Nkambo amekufa, na hakuna anayekaa kwenye ngazi ya mwenzake. Wazee wanasema ni kuta zilizoharibu ujirani. Mimi wananialika kwenye meza zao, nami wakifika hapo nageuza maneno. Kwa sababu wakati ule hakukuwa na ukuta. Kila jioni, kutoka mlangoni petu, niliona moshi wa kambi ile, karibu, hata mguu wa mtoto ungefika. Niliuangalia, nikaingia ndani, nikala bukari yangu, nikalala.