Awuor Awasha Mtambo wa Nyakato

Awuor wa Okech alizoa majivu kwa miaka tisa katika kiwanda cha nguo pale Nyakato. Kiwanda kilikuwa na mtambo wake wa kufua umeme kwa makaa ya mawe, naye ndiye aliyesafisha chini ya tanuri. Umeme wa gridi ulipofika, mtambo ukazimwa, yeye akahamishiwa kufagia uani.

Serikali ilipokiuza kiwanda kwa mtu binafsi, wengi walipunguzwa. Awuor alibaki. Kisha ukaja mwaka wa mgawo wa umeme, mashine zikawa zinalala kutwa. Mwenye kiwanda akaagiza makaa ya mawe kutoka kusini, yakaletwa kwa treni, akamwajiri fundi aitwaye Alexander aufufue mtambo.

Siku mbili Alexander alihangaika. Moshi mweusi ulifunika ua mzima, lakini mvuke haukutosha kuzungusha tabini, gurudumu linaloendesha jenereta. Siku ya tatu asubuhi Awuor aliegemeza ufagio ukutani, akamsogelea.

"Fundi, samahani. Moto wako haupumui."

"Unasemaje, mama?"

"Makaa mmeyarundika. Mzee Shimba, aliyekuwa anachochea hapa zamani, aliyatandaza kidogo kidogo. Halafu huko chini kumejaa majivu. Hewa itapita wapi?"

Alexander aliinama akachungulia, akajicheka, akampa beleshi. "Nionyeshe."

Awuor alikwangua majivu yote, akatupia makaa kwa mkono mwepesi, huku na huku. Moshi ukapungua. Mshale wa kipimo cha mvuke ukaanza kupanda. Saa sita mchana Alexander alifungua vali. Tabini ikanguruma, taa zikawaka, na kule ndani mashine za kufuma zikaanza kugonga zote pamoja. Wafanyakazi walitoka mbio wakishangilia. Paskazia wa idara ya uzi alimkumbatia Awuor, gauni lake likaingia weusi wa makaa, wala hakujali.

Wiki iliyofuata jina la Awuor liliandikwa kwenye zamu za wachochea moto. Ovaroli waliyompa ilimzidi. Aliikunja miguu mara tatu, akaenda nayo hivyohivyo stendi kumpokea mama yake, Ajwang, aliyetoka Shirati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nguo gani hiyo?"

"Ya kazi. Siku hizi nafua umeme."

"Umeme si unatoka kwenye nguzo?"

Awuor alicheka hadi machozi. Njiani akamweleza: makaa yanachemsha maji, mvuke unazungusha tabini, tabini inazungusha jenereta. Walipokaribia kiwanda wakasikia mashine zikigonga. Ajwang akatua kikapu chake cha samaki wakavu barabarani, akapiga vigelegele mpaka mlinzi akafungua geti.