Jina la Mama Yangu Kwenye Spika

Hili nalisimulia kwa aibu, maana nimekaa miaka mitatu nikiomba watu wa Ujiji walisahau, lakini juzi tu sokoni mwanamke nisiyemjua kanionyesha kwa kidevu akamwambia mwenzake "ndiye huyo wa semeni", basi nimeona bora nilieleze mwenyewe kuliko kuelezewa.

Niliolewa na Ramadhani nikakaa miaka saba bila mtoto, na miaka yote saba mama yake, anayeuza dagaa kule Bangwe, alinisema (hakunitukana, hiyo haki yake nampa, alikuwa anauliza tu, mbele za watu, kama kwetu wanawake wote wanachelewa hivyo). Kisha nikajifungua binti, na Ramadhani kwa furaha aliyokuwa nayo akaniambia, "Jina nakuachia wewe."

Majina ya siku hizi mnayajua. Kliniki nesi akiita "mama Ilham" wanainuka wanawake watatu na wa nne yuko njiani. Mimi nilitaka jina la zamani, nilitaka jina la mama yangu, Semeni. Mama alifariki nikiwa chuo Dodoma, treni ikachelewa, nikafika nikakuta wameshazika na majirani wanakunja mikeka, na tangu siku hiyo sikulisikia tena jina lake. Baba akawa anasema "marehemu", shangazi anasema "mama yako", kila mtu analikwepa kwa huruma, nami nilikuwa natamani kulisikia mpaka kuna siku nililitamka peke yangu bafuni, polepole, nikaishia kulia na sabuni machoni.

Sasa kosa langu lilikuwa dogo tu. Sikumwambia mtu. Niliandika jina kwenye kikaratasi, kwa herufi ndogo, nikampa shemeji ampe shehe.

Akika tuliifanya siku ya arobaini. Ndugu wa mume wametoka Simbo, nyumba imejaa, wanaume barazani, wanawake ndani, spika imefungwa juu ya ukuta, mtaa mzima unasikia. Shehe akamaliza dua, akafungua kikaratasi, akasema, "Na mtoto huyu, semeni."

Watu wakamngoja, naye akawa anawangoja wao. Mzee mmoja akaitikia amina. Shehe akageuza karatasi nyuma, akairudisha. "Hapa pameandikwa semeni," akasema. "Haya, semeni basi."

Wakasema. Mmoja akataja Aisha, mwingine Swaumu, na huku ndani wanawake wakadhani jina limeachwa wazi kila mtu achangie, wakaanza kupaza sauti, mama mkwe akataja jina la dada yake na huyo dada mtu akashukuru kabisa. Nikaona mama yangu anapotea mara ya pili. Nikajifunga kanga vizuri, nikatoka hadi barazani katikati ya wanaume, nikaomba maiki.

"Semeni ndilo jina lenyewe," nikasema.

Watu wakacheka, hawakucheka vibaya. Mtu akauliza, "Ndilo jina gani hilo, dada?"

Hapo ningerudisha maiki nikaenda zangu. Lakini nilishapandwa na uchungu, nikaeleza. Nikasema ni jina la marehemu mama yangu, na kwamba bibi alikaa miaka mingi bila kuzaa, mama mkwe wake na mawifi wakamsema sana, siku alipopata mtoto akasema haya, sasa semeni tena.

Maneno yakatoka kwenye spika, nikayasikia kama ya mtu mwingine. Hakuna aliyenitazama mimi. Wote walitazama mlangoni, alikosimama mama mkwe akiwa amempakata mtoto. Akampa mtoto jirani aliyekuwa karibu, akavaa ndala zake, akaondoka, na ndugu zake wa Simbo wakamfuata mmoja mmoja, na pilau haijapakuliwa.

"Umefanya nini?" Ramadhani akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nimetaja jina," nikamjibu. Tena maiki ilikuwa haijazimwa.

Siku ya nne nikambeba mtoto nikaenda Bangwe. Nilimkuta ufukweni anageuza dagaa juani. "Mwakeye, mama," nikamsalimia (Kiha changu ni cha kuokoteza). Hakuinua uso.

"Umekuja kunitangaza na huku?"

Nikakaa mchangani nikamweleza yote, treni, mikeka, bafuni. Nikamwambia, "Sikukulenga wewe mama. Nilitaka tu pawe na mtu wa kuitwa hivyo."

Akaendelea kugeuza dagaa hadi mwisho wa chanja. Kisha akasema, "Nilikusema. Hilo ni kweli, nilikusema sana." Na baada ya muda, "Mtie huyo mtoto kivulini, jua linamchoma."

Basi, hatukuzungumza zaidi. Ila jina hakulitumia. Miaka yote hii anamwita "mgeni wangu", nami sikuthubutu kumuuliza.

Kwa hiyo nimeapa: mtoto mwingine akija, jina litajadiliwa ndani, mlango umefungwa, pande zote mbili zipo, na maiki sitaishika tena hata kwenye harusi ya mdogo wangu. Jina la zamani ni zuri, lakini lina ugomvi wa watu ndani yake, na wewe unayelifufua hujui utaangukia kwa nani.

Mwezi uliopita tulikuwa kwake. Mimi niko ndani nachambua mchele, mtoto yuko nje, mara nikasikia miguu inakimbilia majini na mama mkwe akaita kwa nguvu zake zote, "Semeni. We Semeni, rudi huku."

Nilisikia pia kwamba ameshamshika, maana mtoto alikuwa anacheka. Ningeweza kutoka. Sikutoka. Nilikaa na ungo mapajani, mikono imesimama, nikingoja aite tena.