Beseni la Zuena

Naikumbuka vizuri asubuhi moja ya Matrah, kule Omani, mwanangu, katika ile miaka ya mwanzo tulipohamia kutoka Unguja. Nilikuwa msichana, muuguzi katika hospitali ndogo, na kwa kuwa daktari alikuwa mgeni asiyejua lugha yetu, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Kazi hiyo ilinivimbisha kichwa kidogo, sikufichi. Unguja nilikuwa nimefundishwa majina ya Kilatini ya uwazi wa ndani ya mwili, kila jina na maana yake: pelvis ni beseni, atrium ya moyo ni ukumbi wa nyumba, na abdomen, yaani tumbo, wengine husema ni jina lililotokana na neno la kuficha.

Basi akaletwa Zuena, mke wa mtu, mtoto wa Unguja kama mimi. Kila akiulizwa panapouma, jibu ni tumbo. Nawe unatujua: mwanamke wa kwetu akishikwa na haya, kuanzia shingoni mpaka magotini kote ni tumbo. Tena mavyaa wake, mama wa mumewe, alikaa pale kitandani habanduki. Daktari akampa dawa ya tumbo. Zuena akazidi kupauka, mpaka nikaanza kuogopa.

Nikamwinamia, nikamuuliza kama ni abdomen au pelvis, nikamweleza kirefu. Akanitazama kwa huruma.

"Maneno yako mazuri, dada," akasema. "Lakini mie sijui niyaweke wapi."

Chini ya kitanda palikuwa na beseni lao lililochorwa maua, maana siku hizo wagonjwa walikuja na vyombo vyao kutoka nyumbani. Nikalivuta, nikaliweka ubavuni pake. Nikamwambia kila mwanamke ana beseni lake la mfupa, kiunoni, na kizazi kimekaa humo.

"Hatutaji jina," nikamwambia. "Nionyeshe tu. Maumivu yamo ndani ya beseni, au yako juu ya ukingo?"

Zuena akamtazama mavyaa wake. Kisha akatia mkono ndani ya beseni, akagusa chini kabisa, upande wa kulia. Bibi yule akageuza uso ukutani. Siku ile nilidhani amekasirika. Leo naamini alikuwa anamsitiri.

Daktari, aliyekuwa akitazama, hakungoja tafsiri. Ilikuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na damu ilishaanza kuvuja. Akapasuliwa mchana ule ule, akapona, nami nikalia kwa furaha.

Kwa hiyo kisome Kilatini chako cha udaktari, mwanangu, lakini usiishie kwenye jina. Waliolitunga walikuwa watu wa majumbani kama sisi. Walitazama vyombo vyao, wakauita mwili kwa majina hayo. Mgonjwa akikosa neno, mtafutie chombo anachokijua, umwachie na sitara yake. Mwenyezi Mungu akujaalie mkono mwepesi na ulimi mpole, na mgonjwa wako yeyote asife kwa haya. Amin.