Ndizi za Kuita Mbu

Nilipokuwa mtoto nilisifiwa kwa ukarimu mara moja tu, na ukarimu wenyewe ulikuwa wivu mtupu. Mama yangu alikwenda kaburini akiamini kwamba mimi ni mtu wa kutoa. Sasa watoto wangu nao wameanza kuambiwa hivyo hivyo, kwa hiyo naona heri niseme mwenyewe kabla uongo haujaota mizizi.

Tulikaa Kibuli, upande wa chini, pale mlima unapoisha na bonde la majimbi linapoanza. Baba alitutoa Kakamega miaka michache baada ya vita vya themanini na sita, Kampala ilipokuwa inafufuka na viwanda vinatafuta mafundi. Alipata kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Mama aliuza vitenge. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, jambo ambalo shangazi zangu walilisikitikia sana, ila kwangu lilikuwa raha tupu. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili, na dirisha la nyuma lilitazama maji ya bondeni. Mbu waliingia kwa dirisha hilo kama wapangaji wenye ufunguo.

Baba hawakumgusa. Mama walimgusa kidogo. Mimi ndiye niliyeliwa. Kila asubuhi, kabla sijavaa soksi za shule, Mama alinikalisha kwenye kigoda mlangoni, akashika mguu mmoja kisha wa pili, akahesabu mahali nilipoumwa, akapaka mafuta penye vidonda. "Kumi na nne," alisema. "Leo wamefanya harusi." Halafu angemaliza na maneno yake yale yale: "Una damu tamu wewe, Nekesa. Mbu anajua penye sukari."

Hiyo ilikuwa imani yake, na aliirithi kwa mama yake. Ukila vitamu, damu inakuwa tamu, na mbu wanakufuata. Ukila vichungu, mbu anaonja na kwenda zake. Kwao, alisema, mvua zikianza watoto walilishwa mnavu na mboga nyingine chungu mpaka wanune. Hapa Kampala alipata katunkuma, vile vitunda vya kijani vinavyofanana na nyanya chungu ila ni vidogo kama gololi na ni vichungu kama dawa. Alivitia kwenye mchuzi. Mimi nilivisogeza pembeni mwa sahani. Nilipenda sukari, na nikisema kweli yote, nilivipenda na vidonda. Vilinipa kile kigoda. Mama alikuwa mtu wa shughuli, hakuwa na muda wa kukumbatia watu, lakini zile dakika za asubuhi mikono yake ilikuwa yangu peke yangu.

Ndipo akaja Furaha.

Mama yake alikuwa mfanyabiashara kutoka Bukavu, ndiye aliyemletea Mama vitenge kwa miaka mingi. Vita vilipowafikia walikimbia, na njiani wakapotezana na watoto wawili wadogo. Siku moja alifika kwetu bila mzigo wowote, na Furaha mkononi. Aliomba amwache wiki mbili arudi kuwatafuta wale wengine. Wiki mbili zikawa miezi saba. Furaha alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na moja. Shingo yake ilikuwa nyembamba hata nikaogopa kuitazama. Walimlaza kitandani kwangu, naye alijifunga kitenge kuanzia utosini hadi vidoleni, kama kifurushi, kwa sababu njiani walizoea kulala nje.

Asubuhi yake ya kwanza Mama alimkalisha kwenye kigoda. Alitafuta alama ya mbu mguu wa kwanza, akatafuta wa pili, hakuona hata moja. Akapitisha kiganja juu ya ule mguu taratibu, mara mbili, ingawa hapakuwa na kitu cha kupaka.

"Tazama ngozi hii, Nekesa," alisema.

Niliitazama. Roho iliniuma mpaka chai ikanishinda.

Mchana tulikula ugali na mchuzi wa katunkuma. Furaha alimaliza zake, kisha akanyoosha mkono, akaokota moja baada ya nyingine zile nilizosogeza pembeni. Hakukunja uso. Mama alipiga makofi kwa mshangao. "Umeona? Ndiyo maana mbu hawamgusi. Damu yake ni chungu. Sukari ndiyo inayoita mbu, nimekwambia tangu zamani." Furaha aliinama, akaendelea kutafuna.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu siku ya tatu jembe nilipewa mimi: nilitumwa maji, niliosha vyombo, kwa sababu mwenzangu "bado amechoka." Aliniita yaya, ambalo kwao Bukavu ni dada mkubwa na kwetu ni mtumishi wa kulea watoto, na hata hilo lilinikera. Nilionea wivu miguu yake, nikaonea wivu shida zake, kwa sababu Mama akizitaja sauti yake ililainika. Huo ni wivu wa namna gani, kumwonea mtu wivu kwa kupotelewa na ndugu? Lakini niliuona kwangu, na sitausingizia utoto.

Kwanza nilijaribu njia halali. Nilimwomba Nnalongo, mama wa mapacha aliyeuza matunda kwenye kona yetu, anipe katunkuma kidogo. Nilizitafuna mbichi nyuma ya choo. Ya sita ilirudi pamoja na uji wa asubuhi. Nikahamia kitunguu saumu, punje tatu kila jioni kwa siku nne, mpaka mwalimu akanihamishia dirishani bila kueleza sababu. Siku ya tano Mama alihesabu miguu yangu. Kumi na sita.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Kama uchungu unafukuza mbu, utamu unawaita. Mimi nilishindwa kuwa mchungu, lakini hakuna aliyenizuia kumfanya Furaha awe mtamu.

Kila jioni Mama alinunua kwa Nnalongo ndizi sukari nne, zile fupi zenye ganda jembamba, mbili zangu na mbili za Furaha. Nikaanza kumpa zangu. Uji ulipomiminwa, nilichota sukari ya kikombe changu nikaitia kwenye chake. Shangazi alipotutumia kashata kutoka Kakamega, nilimpa zote isipokuwa moja. Niliketi mbele yake nikimtazama mpaka ameze. Yeye alikula upesi, akalamba vidole, akasema "aksanti, yaya."

Nnalongo ndiye wa kwanza kuliona. "Nnyabo," alimwambia Mama kwa heshima ya Kiganda, nikiwa nimesimama pale pale, "hii mutoto yako iko na roho muzuri sana. Yeye hakuri, anapatia ule mwenzake yote."

Mama alinigeukia. Ule mtazamo nilikuwa nimeutafuta kwa wiki nzima kwa vitunguu na matapishi. Akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo, palepale barabarani mbele ya watu. Niliona aibu, kisha nikaona utamu wake, na kesho yake nikatoa ndizi tena. Kuanzia hapo sikujua tena ninatoa kwa ajili ya mbu au kwa ajili ya ule mkono.

Zilipita wiki kadhaa bila alama. Halafu asubuhi moja Mama alisimamisha kidole nyuma ya goti la Furaha. "Moja," alisema. Nilifurahi kama mtu aliyeona mbegu yake imechipua. Siku chache baadaye zilikuwa tatu, kisha tano. Sikuona kitu kingine chochote. Sikuona kwamba Furaha alikuwa amenenepa, kwamba alikuwa ameanza kucheka kwa sauti, kwamba siku hizi alilala kama mtu wa nyumbani, kitenge amekipiga teke chini na miguu yake nje. Nilichosikia ni kwamba asubuhi moja aliacha kumwita mama yangu Mama Nekesa. Alimwita Mama tu, na Mama aliitika. Siku hiyo nilimpa ndizi zangu mbili na ya tatu niliyoomba kwa Nnalongo.

Homa ilimshika Alhamisi, shuleni, jua likiwa la utosi. Alikuwa anatetemeka huku ngozi yake inaunguza. Mwalimu alituruhusu, tukateremka mlima polepole, yeye ameniegemea. Tulipofika nyumbani alikuwa ananiita kwa jina la mdogo wake aliyepotea. Mama alimbeba mgongoni, msichana wa miaka tisa, akapanda naye kwa miguu hadi zahanati. Mimi nilifuata nimeshika viatu vyake.

Walimtundikia dripu ya kwinini. Aliacha kusema, macho yakabaki nusu wazi. Nilikaa kwenye benchi la nje nikijua kile ambacho hakuna mwingine aliyekijua: kwamba nilikuwa nimemuua. Niliwaza mama yake, anayezunguka huko akitafuta wawili, atarudi na kukuta yule aliyemhifadhi kwetu naye hayupo. Niliwaza kwamba sitaweza kumtazama. Na katikati ya hofu hiyo, sitaficha, niliona kupitia mlangoni mkono wa mama yangu ukimpapasa paji la uso, na wivu ukanichoma vile vile. Nilijichukia.

Siku ya pili sikuweza tena kuvumilia. Muuguzi alipotoka na beseni nilimshika vazi. "Ni mimi," nilimwambia. "Nilimpa ndizi. Nyingi. Kila siku. Na sukari."

Alinitazama, kisha akamwita Mama. "Kumbe ni huyu ndiye alikuwa anamulisha?" alisema. "Wewe si uliniambia alikuja kwako mifupa tupu? Kama tungepata yeye na ule mwili ya zamani, saa hii tungekuwa tunaongea mambo ingine. Leo asubuhi amekunywa uji. Atapona."

"Lakini mbu," nilisema. "Damu yake ilikuwa chungu, mimi nikaifanya tamu."

Muuguzi alicheka kidogo. "Mbu haiulizi wewe umekula nini. Hata ukule pilipili gunia nzima, itakuuma tu. Nyinyi munalala ndani ya neti?" Mama akasema hapana. "Basi nunua neti, uache mambo ya ndizi."

Nilifungua kinywa niseme lile lililobaki, lile lenyewe, kwamba nilitaka aumwe. Mama alikuwa tayari amenivuta kifuani. Alilia, mara ya pekee niliyomwona akilia, akisema Mungu amempa mtoto mwenye moyo. Nikafunga kinywa. Kukumbatiwa kule nilikuwa nimekutamani muda mrefu mno, sikuweza kukuharibu.

Furaha alipona. Mama alinunua chandarua, tukalala chini yake wawili, na asubuhi hapakuwa tena na cha kuhesabu, si kwake wala kwangu. Hatukuitwa kwenye kigoda tena. Miezi miwili baadaye mama yake alirudi na mmoja wa wale watoto wawili, akamchukua, wakaondoka. Nilidhani nitafurahi. Nilizunguka nyumba wiki nzima sina la kufanya.

Mwaka jana alikuja kununua bidhaa za duka lake la Bukavu, akalala kwangu Ntinda, hapa hapa Kampala. Ni mwanamke mnene mwenye kicheko, na watoto wangu walimshikilia kama kupe. Mezani aliwaambia, "Miye bila mama yenu singekuwaka hapa. Alikuwaka ananipa chakula yake yote." Binti yangu alinitazama kwa macho ya mama yangu, na hapo nikajua sitalala na jambo lile tumboni usiku mwingine.

Tulipobaki jikoni wawili, yeye akiosha mimi nikifuta, nilimwambia. Nilisema kila kitu: miguu, kigoda, katunkuma, ndizi, na kwamba nilitaka mbu wamle.

Hakuacha kuosha. "Nilijuaka," alisema.

"Ulijua nini?"

"Mama yako alisema mbele yangu sukari inaita mbu. Na weye ulikuwa unaniangalia nikikula, haupepese macho. Nilijuaka tangu siku ya kwanza."

"Na uliamini?"

"Niliamini sana. Niliogopa kabisa."

"Sasa kwa nini ulikula?"

Alinipa sahani nifute. "Mama yangu alinikatazaka kuomba kuongezewa kwa nyumba ya watu. Nilikuwa na njala, yaya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, nikajiandaa na kwa msamaha wake, na hakunipa chochote kati ya hivyo, akauliza taulo kavu iko wapi. Miaka yote hiyo nilidhani tulikuwa tunagombania mama yangu. Yeye hakuwa kwenye ugomvi huo hata siku moja. Alikuwa mtoto mwenye njaa, na chakula kilikuwa mkononi mwa mtu aliyemtakia mabaya, akakipokea, akasema aksanti, kisha akampenda mtu huyo. Mimi nisingeweza. Nilisimama pale na sahani yake mkononi, mimi mwanamke mzima wa umri huu, nikamwonea wivu tena.