Bahari ya Mawe Mlangoni pa Batula

Ukishuka basi pale Aston, Birmingham, na kuufuata mtaa wa nyumba zilizoshikana, zote zikifanana kama shilingi kwa ya pili, ya Batula utaijua kwa kiuga chake cha mbele. Majirani wameweka changarawe, au magugu, au godoro lililokosa pa kwenda. Batula ameweka mji.

Ni mji wa mawe madogo, kila jiwe halizidi yai la njiwa. Mitaa yake imenyooka, ukuta umeuzunguka, na upande wa barabara kulikuwa na bahari ya mawe meusi. Penye lango linaloitazama bahari kuna mawe saba meupe. Hayo saba alikuja nayo. Mengine aliyanunua kwa mifuko kwenye duka la vifaa vya bustani, akayachambua moja moja kama mchele, majira ya joto matano mfululizo.

Mji wenyewe unaitwa Elburg, uko Uholanzi. Batula alizaliwa Isiolo na kukulia Eastleigh, na alipokuwa na miaka ishirini na mitatu makaratasi yalimpeleka huko pamoja na mumewe, Elmi. Walipewa nyumba nje kidogo ya ukuta wa zamani. Elmi alitoka alfajiri kwenda kiwandani, na Batula alibaki na mimba yake, dirisha lake na woga wake. Aliogopa barafu. Aliogopa baiskeli zilizopita bila mlio. Zaidi ya yote aliuogopa mfereji unaopita katikati ya mji, akihesabu ni hatua ngapi mtoto ambaye bado hajazaliwa angehitaji ili kutumbukia.

Aliyemtoa ndani ni jirani yake, bibi mmoja aliyeitwa Aaltje, binti wa mvuvi. Siku moja Aaltje alimwambia, kwa ishara na maneno machache, kwamba Jumapili wakutane wal. Kwa Kiholanzi hilo ni boma la udongo lililozunguka mji, watu hupanda juu yake kutembea. Batula alisikia wali. Akajiambia, maskini bibi wa watu, ametamani wali na hana wa kumpikia. Basi Jumapili akapika sufuria nzima, wali wa iliki na zabibu, akaifunga kwa taulo na kuibeba. Aaltje aliitazama sufuria, akalitazama boma, kisha akaketi kwenye nyasi na kuuliza kijiko kiko wapi. Tangu siku hiyo, kila Jumapili isiyo na mvua, walipanda boma na wali wao.

Kutoka huko juu Aaltje alimsomesha mji. Watu husimulia kwamba zamani ulikuwa karibu zaidi na maji, mafuriko yakausumbua, na yapata miaka mia sita iliyopita ukahamishwa na kupangwa upya, ndiyo maana mitaa imenyooka vile. Lile lango kubwa ni Lango la Samaki, na taa yake iliwaongoza wavuvi. Lakini yale maji waliyoyaona mbele yao hayakuwa bahari tena. Aaltje alipokuwa mtoto, serikali ilimaliza kujenga tuta refu, ikaiziba bahari, ikawa ziwa. Chumvi ikaisha, na samaki wa chumvi nao. Baba yake alinuna mwaka mzima, kisha akajifunza kuvua mikunga.

Ni Aaltje pia aliyemfundisha mawe. Mbele ya milango ya Elburg watu hupanga vijiwe kwa mapambo. Siri yake ni kwamba jiwe halilazwi. Husimamishwa kwa ubavu, likabanana na mwenzake kama meno, ili mtu asiteleze mvua ikinyesha. Batula, mtu wa kuogopa kuteleza, aliipenda kazi hiyo kuliko zote. Walipohamia Birmingham, binti yao Ifrah akiwa na miaka mitatu, Aaltje aling'oa mawe saba mlangoni kwake akampa. Pengo lile hakuliziba mpaka alipofariki.

Sasa Ifrah ana miaka ishirini na miwili. Kiswahili anakielewa chote na hukijibu kwa Kiingereza. Mawe hayo aliyaruka kila asubuhi bila kuuliza kitu.

Jumanne moja mwenye nyumba, Inderpal, alikuja na habari. Mapipa ya takataka sasa yamekuwa matatu, na juu ya mawe hayasimami sawa. Tena mtu akianguka hapo, kesi ni yake yeye. Jumamosi angemwaga simiti kiuga chote. Batula aliitikia kwa kichwa, maana mwoga hukubali kwanza, hujuta baadaye. Elmi alisema nyumba ni ya mwenyewe, wamwache. Angeline, muuguzi Mkenya anayekaa nyumba ya pili, alimtania, "Kwa mwoga huenda kicheko, lakini naona kwako, Mama Ifrah, inakwenda simiti."

Siku tatu Batula alizunguka dirishani. Ijumaa akatoka na uzi, akapima mapipa, akapima mji.

Jumamosi Inderpal alipofika na mifuko yake, alimkuta amesimama langoni na ndoo ya maji. Aliyamwagia mawe maji, akavaa slipa zake za bafuni zilizokwisha, akatembea juu yake kwenda na kurudi. Kisha akamkaribisha naye apite. Inderpal alipita kwa tahadhari, akarudi akikanyaga kwa nguvu zaidi, kama anayelitafuta kosa.

"Mapipa yanataka upana huu," Batula akasema, akimwonyesha uzi. "Chukua bahari. Mji niachie."

Inderpal hakuelewa bahari ni ipi. Batula akamwonyesha mawe meusi.

"Huko Elburg pia serikali iliziba bahari," akasema. "Mji haukwenda popote."

Inderpal alijikuna kidevu, akaupima uzi ule kwa futi yake mwenyewe, na ukawa sawasawa. Akasema itampunguzia mifuko miwili. Halafu akachuchumaa, akaanza kuyang'oa mawe meusi na kuyatia ndooni, polepole, bila kuyatupa.

Jioni mapipa matatu yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, yakisubiri simiti ikauke vizuri ndipo yapelekwe mahali pake. Angeline alipita akitoka kazini, akasema mji sasa umepata bandari ya takataka. Batula alicheka mpaka akashika ukuta.

Ifrah alikuwa kizingitini. Aliutazama mji, akauliza, kwa Kiingereza chake, nyumba yao ilikuwa wapi.

Batula hakuwahi kuiweka. Alimwonyesha kwa kidole penye udongo mtupu, nje ya ukuta wa mji, karibu na mguu wa Ifrah.

Ifrah alichagua jiwe jeusi ndooni, akainama, akalilaza hapo na kulibonyeza kwa kidole gumba.

"Kwa ubavu, mama," Batula akamwambia. "Mtu asiteleze."