Miji Niliyompa Binti Yangu

Binti yangu alikuwa na miaka mitano tulipomchukua kwa bibi yake, juu milimani Uluguru, tukamleta kwetu Mafiga aanze chekechea. Watoto wa jirani wakamcheka lafudhi yake ya Kiluguru. Akanyamaza. Hata shikamoo aliitoa kwa midomo tu, bila sauti. Mke wangu akaogopa: mtoto asiyesema atasomaje? Akanitazama mimi, maana ndimi msemaji wa nyumba, siku nikiwepo.

Nimezunguka tangu nimalize kidato cha nne: mashamba ya miwa, malori, sasa biashara ya karanga. Kufundisha sikujua. Nilijua vitendawili. Jioni, mke wangu akichambua mchicha, alitega kwa niaba ya mtoto, nami nikashindwa makusudi.

"Nipe mji!"

"Chukua Gairo."

"Wa mtoto huo."

Ndiyo desturi: ukishindwa kujibu, unatoa mji. Kila mji nilioutoa niliuandika kwa chaki nyuma ya mlango, nikiutamka polepole, na binti akipitisha kidole juu ya herufi. Gairo, Mzumbe, Kilosa, Ifakara. Miji niliyolala nikiwa kijana ikajaa mlangoni, na kila nikiiandika nilitamani kuondoka tena. Yeye kimya.

Asubuhi moja nilifunga begi niende Gairo kununua karanga. Nikavuta mlango. Binti akasimama mbele yake, kidole kwenye chaki.

"Ga-i-ro," akasoma, kwa lafudhi ile ile ya bibi yake. "Wangu huu. Ulinipa. Unaenda kufanya nini kwangu?"

Mke wangu akaacha ufagio. "Haya, baba, jieleze. Umeingia mji wa watu."

"Naomba ruhusa, mama," nikamwambia mtoto.

Akafikiri. "Kitendawili!"

Hakuwahi kutega mwenyewe. "Tega!" nikamjibu.

"Ana begi, hana kitanda."

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Jibu nililijua, nadhani hata majirani walilijua.

"Nimeshindwa," nikasema.

"Nipe mji!"

Nikatafuta kichwani mji ambao sijautoa. Kulikuwa na mingi, lakini ule niliotaka kumpa ulikuwa mmoja. Nikaweka begi chini, nikachukua chaki.

"Chukua Mafiga," nikasema, nikaandika taratibu ili asome. Basi la Gairo likaondoka bila mimi.