Kabati la Mwalimu Bernadina

Mwalimu Bernadina alikabidhiwa kabati la vitabu mwezi wa Machi, na tangu siku hiyo alililinda kuliko wengine wanavyolinda ng'ombe wao. Shule yake, upande wa Kishapu, ilikuwa imezoea darasa zima kuchangia vitabu viwili vilivyochanika. Sasa likaja boksi zima la vitabu vya hadithi za watoto, vyenye picha za rangi. Mwalimu mkuu akasema, "Avitunze Bernadina, yeye ana mkono mgumu."

Alivigonga mhuri kimoja kimoja, akaandika tarehe kwa ule mwandiko wake wa kuchonga, akavifunga kwenye nailoni. Ufunguo akauvaa shingoni, uzi mmoja na rozari. Watoto wa darasa la kwanza walipoomba japo kutazama picha, aliwageuza viganja vilivyonata viazi vya kukausha. "Na hii mikono ya michembe? Kanaweni kwanza." Wakanawe wapi, na kisima kiko kilomita mbili? Basi kabati likabaki limefungwa, naye akilifungua kupangusa vumbi alivuta pumzi kidogo na kufurahi. Vitabu bado vilinukia upya.

Tusimcheke. Katika shule zote nne alizofundisha alikuta mambo ni hayo hayo: kitabu kizuri ni cha kumwonyesha mkaguzi. Yeye alikuwa tu hodari zaidi katika kosa la wengi. Vile vitabu hakuvisoma hata yeye mwenyewe.

Nyumbani alikaa na mjukuu wake, Lusia, wa miaka saba. Mama yake Lusia, Salome, alikuwa mama lishe huko Bulyanhulu, akiwapikia wachimbaji wadogo, na mtoto hangeweza kulelewa katikati ya moshi na matusi. Lusia alilala kitanda kimoja na bibi yake, akichezea ule ufunguo mpaka usingizi umchukue.

Januari iliyofuata macho mekundu yakaenea kijijini. Watoto waliamka kope zimegandana. Wengi walipona wenyewe baada ya wiki. Bernadina hakutaka kungoja wiki. Alikwenda nyuma ya nyumba, akachuma majani yale yale aliyokamuliwa na mama yake alipokuwa mdogo, akayatwanga, akayachuja kwa kitambaa cha kanga. Lusia alipiga kelele.

"Bibi, inachoma! Bibi!"

"Vumilia, mama. Ikichoma ndiyo inaponya."

Alimkamulia machoni siku tatu, asubuhi na jioni, amembana kichwa katikati ya magoti. Siku ya nne mboni zilikuwa na ukungu, na siku ya saba zilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Katika hospitali kubwa ya Mwanza daktari aliuliza, "Mlimtia nini?" Bernadina, mwalimu, mtu wa kanisa, akajibu, "Maji tu, daktari." Salome, aliyekuja mbio kutoka Bulyanhulu, alikuwa amesimama pale pale. Lusia naye alikuwa amelala, kafungwa bandeji. Uongo ule ukakaa.

Miezi miwili baadaye mkaguzi alifika shuleni. Kabati likafunguliwa, akasifu. "Mwalimu, hivi ni kama vimetoka kiwandani leo!" Akachomoa kimoja, akakipekua huku akisoma kwa sauti kama watu wanavyofanya wakitaka kuonekana wamesoma. Kilikuwa kisa cha mtoto aitwaye Ndaki aliyeamka na macho mekundu. Ukurasa wa tisa bibi yake Ndaki anakuja na majani mkononi, na dada yake anamzuia mlangoni: Tusitie kitu chochote machoni. Tumpeleke zahanati leo.

Bernadina aliomba udhuru, akaenda kusimama nyuma ya vyoo mpaka mkaguzi alipoondoka.

Tangu siku ile kabati halikufungwa tena. Aligawa vitabu kwa mikono yenye michembe, yenye tope, yenye mafuta ya samaki, na vilipochanika alivishona kwa uzi wa gunia. Kimoja tu hakukigawa. Nakala za kisa cha Ndaki zilikuwa kumi, akatoa tisa. Ya kumi, ile aliyoishika mkaguzi, alikwenda nayo nyumbani akaificha sandukuni chini ya vitenge. Kwa nini, hata yeye hakujua. Lakini hakuweza kuitupa.

Lusia alipelekwa shule ya bweni yenye kitengo cha wasioona. Akiwa na miaka kumi alirudi likizo, mrefu, mkimya, vidole vyepesi. Mtoto wa jirani, Mayala, akamsimulia kwamba shuleni kuna kitabu cha macho, kisa cha Ndaki.

"Bibi, nisomee hicho cha Ndaki."

Alikataa siku mbili. Ya tatu akakitoa sandukuni, wakaketi mkekani. Akasoma vizuri, kwa sauti ya darasani, mpaka ukurasa wa saba. Hapo akafunua karatasi mbili kwa pamoja.

"Umeruka, Bibi."

"Sijaruka."

"Nimesikia. Zimegeuka mbili."

Bernadina alirudi nyuma, akasoma. Sauti haikuwa ya darasani tena. Alisoma majani, akasoma mlango, akasoma zahanati. Alipomaliza, alijua kwamba mtoto anakumbuka magoti yale.

"Ndaki alipona?"

"Alipona."

"Kitabu hiki kilikuja lini?"

Angeweza kudanganya. Aliyewahi kumdanganya daktari angeshindwaje kwa mtoto asiyeweza kuuona mhuri? Lakini alikuwa amechoka kuubeba uongo ule, na huyu ndiye mwenye haki ya kuambiwa.

"Machi," akasema. "Kabla hujaumwa. Miezi kumi kabla. Kilikuwa kabatini, mama, na ufunguo ninao mimi. Yale majani ndiyo yaliyokuharibu. Ni mimi."

Lusia alinyoosha mkono. Bernadina akadhani anautafuta uso wake, akainama ampige au ampapase, lolote. Mkono ukapita, ukakichukua kitabu mapajani. Mtoto alikifungua, akapitisha kiganja kwenye karatasi laini, kutoka pembe hadi pembe, kisha akakisogeza puani.

"Bado kinanukia upya, Bibi," akasema.

Akakifunga taratibu, akamrudishia.